Kutoka kisa hadi mchoro: namna ya kuupata mchakato wa kazi kutoka kwa wanaoufanya

Wanaoanza kazi ya kuchora michakato, yaani kuonyesha kwa mchoro hatua za kazi na nani anafanya nini, huuliza maswali yale yale. "Nimehoji watu kumi, wote wameniambia kitu kimoja, mbona mchoro haufanani na ninachokiona uwanjani?" "Meneja amenipa mwongozo wa kazi wa kurasa thelathini, bado nina haja ya kuongea na vibarua?" "Nimerekodi mazungumzo ya saa sita, sasa naanzia wapi?"

Jibu la yote matatu linaanzia mahali pamoja. Ukimuuliza mtu kazi yake hufanyikaje, atakueleza inavyotakiwa kufanyika. Ukimuuliza Jumanne iliyopita ilikuwaje, atakueleza ilivyofanyika. Unachokitafuta ni hicho cha pili. Hili si jambo jipya: mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan aliandika mwaka 1954 kuhusu kukusanya matukio mahususi ya kazini badala ya maoni ya jumla, na mbinu yake bado inatumika. Nadharia inatosha hapo.

Mfano tutakaoutumia mpaka mwisho ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, vya aina ile vilivyojaa Kibaigwa, Kongwa, pembezoni mwa Dodoma mjini na kuelekea Singida. Mkulima analeta alizeti yake, inapimwa, inakamuliwa, anaondoka na madumu ya mafuta. Mashudu anayachukua au anayaacha, kulingana na makubaliano. Kama kazi yako ni ya ghala la mahindi, zahanati, karakana au ofisi ya halmashauri, hatua hazibadiliki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchakato mmoja tu, wenye mwanzo na mwisho unaoweza kuvitamka kwa sentensi moja.
- Wasimulizi 6 hadi 8. Kwa kila kazi kubwa wawe angalau wawili, na wasiwe wa zamu moja.
- Simu ya kurekodi. Sauti ya kawaida hula takribani MB 1 kwa dakika, kwa hiyo mazungumzo ya dakika 45 yanahitaji nafasi ya MB 45 hivi. Chaji ijae.
- Daftari, maka peni nyeusi, manila 4 au 5, tepu, na karatasi za kunata za rangi nne.
- Fomu fupi ya ridhaa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.
- Muda wa kuandika. Saa moja ya kurekodi huchukua saa 4 hadi 5 kuiandika kwa mkono. Wengi hulisahau hili, wakajikuta na rekodi ishirini ambazo hakuna atakayezisikiliza.
- Kompyuta yenye programu ya kuchora. bpmn.io ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari. Hutaihitaji mpaka hatua ya saba, kwa hiyo iache ilipo.
- Maneno ya mwenye kiwanda, yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wote, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichosimulia. Asipokubali kuyasema, usianze.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Andika juu ya manila: "Kuanzia gari la mkulima linapoingia getini hadi anapotoka na mafuta yake." Kununua spea, kulipa mishahara na kutafuta soko la mashudu ni michakato mingine. Msimulizi akiingia huko mwache amalize, lakini usiyachore.

Hatua ya 2: Chagua wasimulizi

Usimwachie meneja akuchagulie. Atakupa wanaoongea vizuri. Chukua karani wa mizani, mwendesha mashine, anayechuja mafuta, keshia, wapakiaji, na mlinzi. Mlinzi huachwa karibu kila mara, ilhali ndiye pekee anayeona mwanzo na mwisho wa kila kitu: nani kafika saa ngapi, nani kaondoka kwa hasira. Mama lishe aliye nje ya geti naye anajua siku ambazo wakulima wamelala uwanjani, maana ndizo siku anazopika zaidi. Si mfanyakazi wa kiwanda, lakini kisa chake kinakuonyesha mahali pa kuuliza.

Kibarua anayelipwa kwa gunia anapoteza hela kila dakika anayokaa nawe. Mfuate wakati wa mapumziko, umeme ukikatika, au asubuhi kabla magari hayajaanza kuingia. Vinginevyo kubaliana na mwenye kiwanda alipwe muda wake. Ukimvuta katikati ya kazi atakujibu kwa sentensi mbili ili akuondoe.

Hatua ya 3: Salamu na ridhaa

Shikamoo kwa mkubwa haikwepeki, hata kama una kompyuta begani na yeye amebeba gunia. Kwa wazee wa Kigogo "mbukwa" inafungua mlango ambao barua ya utambulisho haiufungui, na wakiwa wengi ni "mbukwenyi". Kama mtu anajieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, tafuta mkalimani ambaye si bosi wake wala ndugu wa bosi wake.

Kisha omba ridhaa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, si baada. Sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 1, 2023. Mweleze mambo manne: unarekodi kwa ajili gani, nani atasikiliza, utaifuta lini, na kwamba anaweza kukataa au kukatisha wakati wowote. Akikataa kurekodiwa lakini akakubali kuongea, andika kwa mkono. Usiweke simu mfukoni ikirekodi kwa siri. Ikigundulika, na hugundulika, hakuna atakayeongea nawe tena pale kiwandani.

Hatua ya 4: Omba kisa, usiombe maelezo

Swali la kufungulia ni moja: "Naomba unisimulie mkulima mmoja uliyemhudumia wiki hii, tangu alipofika hadi alipoondoka." Likigoma, jaribu haya:

- "Nisimulie siku ambayo kazi ilikwama."
- "Nisimulie mara ya mwisho mkulima alipolalamika. Alilalamika nini, mkafanyaje?"
- "Siku yako ya kwanza hapa, ulifundishwa nini, na nini ulikuja kujifunza mwenyewe?"

Baada ya hapo kaa kimya. Akinyamaza, hesabu hadi kumi moyoni. Maswali ya kusukumia yawe mafupi: "Ikawaje?" "Akampa nani?" "Ulijuaje?" Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa sababu linatoa ujuzi ambao haujaandikwa popote.

Usiulize "kwa nini hukufuata utaratibu?" Hapo umegeuka mkaguzi. Usiulize pia "si huwa mnapima kwanza?" kwa kuwa atakuitikia ndiyo kwa adabu tu.

Hatua ya 5: Andika, kisha sikiliza sarufi

Andika maneno yake kama yalivyotoka, bila kuyasafisha. Hapa Kiswahili kinakusaidia mno, na ni ajabu wachache hulitumia hili: viambishi vya vitenzi vinakuonyesha umbo la mchakato hata kabla hujachora.

*-ka-* ni hatua. "Nikapima, nikaandika, nikampa." Kila -ka- ni kazi moja, na zimejipanga zenyewe kwa mfuatano.

*hu-* na *huwa* ni ishara kwamba ametoka kwenye kisa na sasa anakueleza kanuni. "Mkulima huandikishwa kwanza." Usimkatize, mrudishe taratibu: "Na yule wa Jumanne, aliandikishwa?"

*-po-* ni tukio linaloanzisha jambo: "umeme ulipokatika", "gari lilipofika".

*kama*, *-ki-* na *-sipo-* mara nyingi ni njia panda: "foleni ikizidi", "asipokuwa na kikaratasi". Angalizo: -ki- hutumika pia kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja, "nilimkuta akichuja huku akihesabu madumu". Hiyo si njia panda. Ni kazi mbili kwa wakati mmoja.

*mpaka* ni kusubiri. Kila ukiuona uliza alisubiri nini, na kwa muda gani.

*ikabidi* ni dhahabu. Mtu akisema "ikabidi" amefika mahali utaratibu ulipoishia akaanza kujitegemea. Upigie mstari kila unapotokea.

Mwisho kuna *-wa* ya kutendwa, ambayo ni mtego. "Ikapimwa, ikapelekwa mashineni." Nani alipima? Nani alipeleka? Kiswahili kinaruhusu mtendaji afichwe bila sentensi kuonekana pungufu, na mchoro hauruhusu. Vivyo hivyo "wakampigia simu". Kina nani hao?

Tazama kisa hiki cha karani wa mizani, tulichokitunga kwa ajili ya zoezi:

> "Jumanne ile kuna mzee wa Mlali alifika na kirikuu, gunia tisa. Nikapima, nikaandika daftarini. Mbili zilikuwa bado mbichi, nikamwambia azianike hapo uwanjani. Saba zikaingizwa kwenye foleni. Saa saba umeme ulipokatika nikampigia bosi, akasema tuwashe jenereta kama foleni imefika gunia ishirini. Ilikuwa kumi na saba, tukasubiri. Mzee gari lilikuwa linamdai, ikabidi nimwandikie kikaratasi cha gunia zake akaondoka. Kesho yake akaja mtoto wake na kile kikaratasi, keshia akakataa kutoa mafuta. Ikabidi mzee apigiwe simu."

Kivunjevunje kwa kuuliza nani, alifanya nini, kwa kutumia nini, na kikaenda kwa nani:

- Karani – kupima gunia – mizani – anaandika daftarini.
- Karani – kukagua ukavu – (kwa nini? hakusema) – gunia mbichi zinarudi kwa mkulima kuanikwa.
- ??? – kuingiza gunia kwenye foleni. Mtendaji amefichwa.
- Tukio: umeme kukatika.
- Bosi – kuamua kuwasha jenereta – kwa simu – kipimo ni gunia 20.
- Kusubiri umeme. Muda haujatajwa.
- Karani – kuandika kikaratasi – anampa mkulima.
- Keshia – kukagua anayechukua mafuta – kikaratasi – anakataa.
- ??? – kumpigia mkulima kuthibitisha.

Mwongozo rasmi wa kiwanda cha namna hii ungekuwa na maneno manne: kupokea, kupima, kukamua, kukabidhi. Kisa cha dakika moja kimetoa maamuzi matatu ambayo hayamo, pamoja na hati moja, kile kikaratasi, ambayo mafuta ya mtu yanaitegemea lakini haina namba wala nakala. Rudi kwa karani na maswali yaliyobaki wazi. "Ulijuaje zile mbili ni mbichi?" Akikujibu kwamba hubana mbegu kwa meno, andika hivyo hivyo. Usiandike "kupima unyevu" kana kwamba kuna kifaa.

Angalia vipimo viwili kabla hujaendelea. Saa: "saa saba mchana" kwenye programu yenye saa 24 ni 13:00, na "saa mbili usiku" ni 20:00. Ukiandika 7:00 na 2:00, mchoro wako utasema kazi ya mchana ilifanyika asubuhi, na ya usiku ilifanyika wakati watu wamelala. Gunia: si kipimo. Gunia la lumbesa na lililoshonwa usawa wa mdomo haviko sawa, kwa hiyo uliza kilo kila mara, na kama kilo hazikupimwa andika kwamba hazikupimwa.

Hatua ya 6: Panga visa ukutani

Bandika manila kwa urefu. Njano iwe kazi, pinki maamuzi, bluu karatasi na vitu vinavyopita mkono kwa mkono, kijani kusubiri. Kila karatasi iandikwe kitenzi na kitu, "Pima gunia", na kwenye kona namba ya kisa: K1, K2. Usiandike jina la mtu.

Weka kisa kimoja kwanza, kirefu kuliko vingine. Cha pili kibandike juu yake: panapolingana ongeza namba tu, panapotofautiana fungua tawi. Ukiona visa viwili mfululizo havijaongeza kazi wala tawi jipya, acha kukusanya. Kwa kiwanda cha ukubwa huu hali hiyo hufika kati ya kisa cha sita na cha kumi. Kama haifiki, mipaka ya hatua ya 1 ilikuwa mipana mno.

Hatua ya 7: Chora

Sasa ndipo kompyuta ifunguliwe. Tumia alama za BPMN (Business Process Model and Notation), mfumo wa alama za kuchora michakato ya kazi. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Alama zipo nyingi, lakini kwa kuanzia zinatosha hizi:

1. Mduara wenye mstari mwembamba: mwanzo. Wenye mstari mnene: mwisho.
2. Mstatili wenye kona za mviringo: kazi.
3. Almasi: njia panda. Yenye alama ya X huchagua njia moja, yenye alama ya kujumlisha hufungua njia zote kwa pamoja.
4. Mduara wa mistari miwili wenye saa ndani: kusubiri muda fulani upite.
5. Mikondo ya mlalo, yaani safu ndefu za kuwekea kazi, mmoja kwa kila mhusika: karani, mwendesha mashine, keshia, bosi.

Mkulima mwekee boksi lake nje ya mikondo ya kiwanda, na mawasiliano naye yawe mishale ya mistari iliyokatika-katika. Ukimweka ndani umemfanya mwajiriwa.

Makosa yanayojirudia kwenye hatua hii:

- Almasi isiyo na swali. Juu yake andika "Foleni imefika gunia 20?" na kwenye kila mshale unaotoka jibu lake.
- Mkondo wenye jina la mtu. Mtu akihama mchoro unakufa.
- Kazi 40 kwenye ukurasa mmoja. Zikizidi 15, zikunje ndani ya kazi kubwa zaidi na uzichore pembeni.
- Kuchora njia nzuri tu na kuacha zile za "ikabidi". Hapo visa umevikusanya bure, ungekopi mwongozo wa meneja.

Hatua ya 8: Urudishe mchoro kama kisa

Usimwonyeshe mpakiaji almasi na mistatili ukamuuliza "ni sahihi?" Atasema ni sahihi. Geuza mchoro kuwa maneno: "Gari linaingia, mlinzi anaandika namba, karani anapima, zikiwa mbichi mkulima anaanika..." Kisha muulize, "Nimekosea wapi?" Umeshakiri kwamba kuna kosa, kwa hiyo kukusahihisha si utovu wa adabu tena.

Baada ya hapo fuata gunia moja kwa miguu kutoka getini hadi dumu, ukiwa na mchoro mkononi. Weka tiki kila kazi unayoiona. Kazi uliyoichora na hujaiona ikitendeka, iwekee alama ya kuuliza, usiifute. Huenda hufanyika siku ya umeme kukatika tu.

Hatua ya 9: Kabidhi

Mpe mwenye kiwanda mchoro na orodha ya kila "ikabidi". Rekodi na maandishi ya visa yasiingie kwenye bahasha hiyo. Futa rekodi siku uliyoahidi.

Ukikwama

*Kila mtu anajibu kwa "huwa".* Unawahoji ofisini, au bosi yuko karibu. Hamia kwenye eneo la kazi, mwekee mkono kwenye kitu chake halisi, daftari la mizani kwa mfano, mfungulie ukurasa wa jana: "Huyu wa mstari wa tatu, ilikuwaje?" Daftari linakumbuka asichokumbuka yeye.

*Visa vya watu wawili vinapingana.* Usitafute mwongo. Uliza kwanza kama wanasimulia siku moja, zamu moja, mashine moja. Zamu ya usiku mara nyingi haina keshia, na pengo hilo peke yake hueleza tofauti nyingi. Visa vikibaki viwili baada ya hapo, chora vyote viwili kwa almasi na uandike "haijaafikiwa".

*Msimulizi analalamika tu.* Lalamiko ni kisa kilichokatwa kichwa. "Huyu keshia anatusumbua" mjibu kwa "mara ya mwisho alikusumbua lini, ukiwa unafanya nini?" Dakika mbili baadaye utakuwa na hatua tano.

*Mwenye kiwanda anataka kujua nani alisema habari ya kikaratasi.* Mkumbushe ahadi aliyoitoa mbele ya wote. Ndiyo maana hukuandika majina ukutani. Tahadhari tu: kiwanda chenye karani mmoja wa mizani, namba K3 haifichi kitu. Kisa kama hicho mwonyeshe karani mwenyewe kwanza, na akikuomba ukiondoe, kiondoe.

*Rekodi imejaa kelele za mashine.* Weka simu mfuko wa shati wa msimulizi, kwa idhini yake, badala ya mezani. Kama haisaidii, subiri mashine ipumzike. Msimu wa alizeti ukishika kasi haipumziki mpaka usiku, kwa hiyo wapange wasimulizi wa mashineni mapema, kabla magunia hayajaanza kushuka kwa wingi.

*Mchoro ulikuwa sahihi mwezi wa sita, sasa haufanani.* Uliza nini kimebadilika: mashine ya pili, keshia mpya, bei ya dizeli. Usianze upya. Chukua visa viwili tu vya sehemu iliyobadilika, viandikwe, vibandikwe juu ya manila ile ile, na tarehe iandikwe kwenye kona ya mchoro mpya.